Minyoo ya Nguruwe Yamfikiaje Asiyekula Nguruwe?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote zamstahiki Yeye, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo letu mara hii ni la minyoo ikaayo matumboni na mwilini mwa nguruwe wafugwao, na madhara yake kwa wanaadamu. Huenda msomaji akasema: "Somo hili latuhusu nini sisi, na hali nguruwe haingii majumbani mwetu wala nyama yake haikaribii sahani zetu?" Jawabu yetu ni kwamba fikira hiyo yenyewe ndiyo iliyotufanya tuliandike somo hili. Wengi katika sisi twadhani kwamba madamu twajiepusha na nyama yake, basi na maradhi yake yote yametuepuka. Dhana hii nusu yake ni kweli, na nusu ya pili si kweli. Na nusu ile isiyo kweli yaweza kumtia mtu kifafa, na hata kumwua. Basi tunamwomba msomaji atusikilize mpaka mwisho.

HUKUMU HAIKUTUNDIKWA JUU YA MNYOO

Kabla ya kuingia katika maneno ya matabibu, hatuna budi kuondoa kosa moja lililoenea katika baraza zetu. Mara nyingi mtu aulizwapo kwa nini nguruwe ameharimishwa, hujibu upesi: "Kwa sababu ana minyoo." Jawabu hii haitoshi. Uharamu wa nyama ya nguruwe umetajwa katika Kurani mahali pane: katika sura ya al-Baqara, na al-Maida, na al-An'am, na an-Nahl. Muislamu huacha kumla kwa kuwa Mola wake amemkataza, na hiyo ndiyo sababu iliyotangulia sababu zote.

Tukisema kwamba ameharimishwa kwa ajili ya minyoo tu, atakuja mtu kesho atuambie: "Nguruwe huyu amefugwa katika banda safi, amekaguliwa na daktari wa wanyama, na nyama yake imepikwa hata hapana mnyoo uliobaki hai, basi sasa ni halali." Tutamjibu nini? Mwenye kuitundika hukumu ya Mungu juu ya msumari wa namna hii, ajue kwamba msumari wang'oka. Elimu ya tiba yatuonyesha baadhi ya madhara ya kitu tulichokatazwa, nasi twafurahi kuyajua. Lakini hukumu haikungojea elimu hiyo, wala haitaondoka kwa kugunduliwa dawa.

Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu ya pili pia. Yule adhaniaye kwamba khatari yote imo katika kula nyama, huona kwamba akisha kuiacha nyama amemaliza kazi. Na hapo ndipo anapokosea, kama tutakavyoeleza.

WADUDU WA NGURUWE WANAOWAFIKIA WATU

Nguruwe afugwaye ana wadudu wengi tumboni mwake. Wengine hawamdhuru ila yeye mwenyewe, na wengine wamfikia mwanaadamu. Tutataja wanne.

Wa kwanza ni mchango wa nguruwe, mnyoo mrefu wa mviringo ufananao sana na mchango wa watu. Hupatikana kila upande wa dunia wafugwapo nguruwe, hata katika mabanda yaliyojengwa vizuri. Jike lake hutaga mayai laki nyingi kila siku, na mayai hayo hukaa ardhini miaka na miaka bila ya kufa. Yakimezwa, watoto wake hutoboa matumbo, wakapita katika ini na mapafu, kisha wakarudi tumboni kukua. Ndiyo sababu wachinjaji wa nguruwe huona madoa meupe juu ya maini. Mtu huyapata mayai hayo katika udongo, au katika mboga zilizopandwa kwa samadi ya nguruwe. Katika nchi ya Denmark, ambako mchango wa watu umekwisha karibu wote, wataalamu walipouchunguza mchango uliotoka kwa wagonjwa wa huko, waliona kwamba asili yake ni nguruwe.

Wa pili si mnyoo bali ni kijidudu kisichoonekana ila kwa hadubini, nacho chaitwa balantidi. Hukaa katika utumbo mpana wa nguruwe, mara nyingi bila ya kumwumiza. Akimwingia mtu kwa maji au chakula kilichochafuka kwa kinyesi cha nguruwe, aweza kumharisha damu.

Wa tatu ni trikinela. Huyu huanza katika utumbo, kisha watoto wake husambaa mwilini na kujikunja ndani ya nyama. Aliyemwona kwanza katika mwili wa mtu ni James Paget, naye alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini London, katika mwaka 1835. Mwaka 1860 daktari Zenker wa mji wa Dresden alithibitisha kwamba mdudu huyu huua, alipowaona tele katika maiti ya msichana mmoja. Na mtu asidhani ni khabari ya Ulaya peke yake. Katika mwaka 1961 madaktari waliandika khabari za watu wa hapa Kenya waliougua baada ya kula nyama ya nguruwe mwitu. Na huo ulikuwa mlipuko wa kwanza wa maradhi hayo kuandikwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara.

Wa nne ni tegu wa nguruwe, naye ndiye tutakayemkalia somo hili lote lililobaki. Hao watatu wa mwanzo, aliye mbali na nguruwe na nyama yake yuko mbali nao kwa kiasi kikubwa. Lakini tegu ana mlango wa pili, na mlango huo haufungwi kwa kuacha kula nguruwe.

SAFARI YA TEGU

Tegu ni mnyoo bapa mfano wa utepe. Hukaa katika utumbo mwembamba wa mtu, akajishika kwa kichwa chenye ndoana na vifyonzeo, na urefu wake hufika mita 2 hata 7. Mwili wake umefanywa kwa vipande vingi vilivyoungana, na vile vya mwisho vikipevuka hukatika vikatoka pamoja na haja kubwa. Kila kipande kilichopevuka huwa na mayai kiasi cha 50,000. Matabibu wa Kiarabu wa zamani, na Ibn Sina miongoni mwao, walivijua vipande vya tegu, wakaviita habb al-qar', yaani mbegu za maboga, kwa vile vilivyofanana nazo.

Sasa tuangalie jambo ambalo wengi hawalijui. Tegu huyu akiwa mzima, mwenye kutaga, hakai tumboni mwa nguruwe. Nyumba yake ni tumbo la mwanaadamu. Nguruwe humpata kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, pale nguruwe waachiliwapo kutangatanga na watu wasipokuwa na vyoo. Mayai yakifika tumboni mwa nguruwe huanguliwa, na watoto wakatoboa utumbo, wakachukuliwa na damu, wakakaa katika nyama: ulimini, moyoni, mapajani, na hata katika ubongo. Kila mmoja hujifanyia kifuko cheupe chenye maji, chapata kadiri ya punje ya mahindi, akangoja humo. Mtu akila nyama hiyo bila ya kuiva sawasawa, kifuko hufunguka tumboni mwake, kichwa kikajishika katika utumbo, na baada ya miezi kama miwili huwa tegu kamili. Safari ikaanza upya.

Mambo haya hayakujulikana kwa kukisia. Nyama ya nguruwe yenye vifuko ilijulikana tangu zama za Wayunani, na Aristotle ameitaja. Lakini hawakujua kwamba vifuko hivyo ni watoto wa tegu. Katika mwaka 1853 mtaalamu van Beneden wa Ubelgiji alimlisha nguruwe mayai ya tegu, kisha akaviona vifuko katika nyama yake. Mwaka 1855 daktari Küchenmeister wa Ujerumani alivitia vifuko vya nguruwe katika chakula cha mtu aliyehukumiwa kuuawa, na mtu huyo alipokwisha kuuawa, daktari akapasua maiti akawakuta tegu wachanga wamekwisha kujishika katika matumbo yake. Kitendo hicho kilikuwa cha dhulma, kwani mfungwa hakuulizwa ridhaa yake. Lakini kilithibitisha kwamba kifuko cha nguruwe na tegu wa mtu ni mdudu mmoja.

MLANGO WA PILI

Mpaka hapa msomaji ataona kwamba asiyekula nguruwe amesalimika. Na kweli, amesalimika na tegu wa tumboni. Lakini na aulize: yale mayai 50,000 ya kila kipande, je, hayamwingii ila nguruwe?

Hapa ndipo penye msiba. Mayai hayo yakimwingia mtu kinywani, hufanya ndani yake yale yale yanayofanya ndani ya nguruwe. Huanguliwa, hutoboa utumbo, huingia katika damu, na vifuko vikakaa katika nyama yake, au chini ya ngozi, au katika jicho, au katika ubongo. Hapo mtu huwa amewekwa mahali pa nguruwe. Na vifuko vikikaa katika ubongo huweza kuleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, kupungukiwa na uoni, na pengine mauti. Aghlabu mtu hukaa navyo miaka bila ya kujua, mpaka siku moja akaanguka.

Na mayai haya hayatoki katika nyama ya nguruwe. Hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mtu huyo aweza kuwa jirani, au mpishi, au mwuza chakula, au mmoja wa watu wa nyumba, naye hajijui, kwani tegu mara nyingi hamwumizi mwenyeji wake. Akitoka msalani asioshe mikono yake vizuri, kisha akakata kachumbari au akakanda unga wa mahamri, mayai huenda kwa wale watakaokula. Kadhalika huenda kwa maji ya kisima kilicho karibu na shimo la choo, na kwa mboga zilizonyweshwa maji machafu. Basi hata aliyezaliwa Muislamu na akafa Muislamu, ambaye ulimi wake haukuonja nguruwe kamwe, aweza kupatwa na ugonjwa huu kwa uchafu wa mikono ya mwingine.

KISA CHA BROOKLYN

Jambo hili si la kuwaza tu. Limekwisha kutokea kwa watu wasiokula nguruwe kama sisi. Mjini New York, katika mtaa wa Brooklyn, wapo Mayahudi washikao sana dini yao, na nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwetu. Baina ya mwaka 1990 na 1991 watu wanne miongoni mwao, wasiokuwa na ujamaa, walipatwa na kifafa. Madaktari walipowapiga picha za ubongo waliona alama za vifuko vya tegu wa nguruwe. Ikawa ajabu kubwa, kwani hawakuwa wakila nyama hiyo hata kidogo.

Uchunguzi ulipofanywa majumbani mwao, ilidhihiri kwamba familia hizo zilikuwa na watumishi wa kupika na kutazama watoto, na wengi wa watumishi hao walikuwa wametoka karibuni katika nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, ambako tegu huyu ni mwingi. Mmoja katika watumishi waliopimwa alikutwa na tegu tumboni. Tena jamaa kadhaa wa wagonjwa walipopimwa damu, zikaonekana dalili kwamba na wao wamefikiwa na mdudu huyo. Khabari hii iliandikwa katika jarida la udaktari la Marekani katika mwaka 1992, na tangu hapo matabibu hawamwulizi tu mgonjwa kama amekula nguruwe. Humwuliza vile vile amekaa na nani, na chakula chake kimepikwa na nani.

Na hapa kwetu je? Wataalamu wamechunguza nguruwe wa wakulima wadogo katika sehemu za Busia na Homa Bay, na katika Tanzania upande wa Mbulu, wakawakuta wenye vifuko. Nguruwe wengi wa huko huachiliwa kutafuta chakula chao wenyewe. Nao watu wa bara na wa mwambao hawakutengana: wasafiri kila siku, wafanya kazi pamoja, wapika pamoja na kula pamoja. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi nyingi zenye tegu huyu, kiasi cha asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa ajili yake. Hatusemi kwamba kifafa cha mwambao ni cha kiasi hicho. Huku nguruwe ni wachache, na kifafa kina sababu nyingi nyingine, kama vile malaria kali ya utotoni, taabu za uzazi na kuumia kichwa. Tusemalo ni kwamba mlango upo, nao haukufungwa kwa kufuli tulilodhani.

NAJISI TUNAYOIOGOPA NA NAJISI TUNAYOISAHAU

Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyeguswa na nguruwe penye umajimaji huosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Watu wetu walijua hilo na walishika sana, nalo ni jambo jema. Lakini tumeona mtu huyo huyo, ambaye angetetemeka lau nguruwe angemgusa kanzu, atoka msalani akamwagia vidole maji matatu ya kopo, kisha akaenda akatia mkono katika sinia ya wali pamoja na wenziwe. Je, kinyesi cha mwanaadamu si najisi? Ni najisi kwa ijmai ya wanavyuoni. Na tumekwisha kuona kwamba mayai ya tegu aingiaye ubongoni hutoka humo.

Mafundisho ya twahara tuliyosoma chuoni tungali wadogo yametosha kuufunga mlango huu wa pili. Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza watu kwenda haja njiani, na vivulini wapumzikapo watu, na penye maji. Ameamrisha kustanji. Amemwamuru aamkaye usingizini asitie mkono wake chomboni mpaka auoshe. Mambo haya twayasoma katika mlango wa twahara, tukayahifadhi kwa ajili ya mtihani wa chuo, kisha tukayaacha humo kitabuni. Lau tungaliyafanya barabara, mayai ya tegu yasingepata njia ya kutufikia.

KIFAFA SI AIBU, WALA DAWA YAKE SI NGOMA

Kuna jambo jingine ambalo yatupasa kulisema wazi. Katika miji yetu mtu akianguka kifafa, watu husema: "Ana pepo." Hupelekwa kwa mganga, akafukizwa, akapigiwa ngoma, akatozwa mbuzi na fedha, na miaka ikapita. Mtoto hutolewa shule, msichana haposwi, na mgonjwa hufichwa chumba cha ndani. Na lau watu wakisikia kwamba kifafa chake kimetokana na tegu wa nguruwe, watamwongezea tuhuma ya pili: "Bila shaka amekula nguruwe kwa siri." Yote haya ni dhulma juu ya dhulma. Amma tuhuma hiyo, tumekwisha kueleza kwamba mwenye vifuko ubongoni si lazima awe amekula nyama hiyo. Mwenye kumtuhumu ndugu yake kwa jambo hilo amemzulia.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa akianguka alimwendea Mtume kumtaka amwombee dua. Mtume alimpa khiyari, akisubiri apate Pepo, au amwombee apone. Naye akachagua kusubiri, akaomba tu asifunukwe nguo aangukapo. Basi tazameni heshima aliyopewa mgonjwa wa kifafa. Hakufukuzwa wala hakufichwa, wala hakuchezewa ngoma.

Hatukatazi mtu kusomewa Kurani na kuombewa dua. Hizo ni rehema kwa kila mgonjwa. Lakini Mtume ametuamrisha vile vile kutafuta dawa, na kumwacha mtoto aanguke motoni au kisimani hali dawa iko hospitali ya mjini, huko si kutawakali bali ni kupuuza amana. Katika milima ya Papua, upande utawaliwao na Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliingizwa nguruwe wenye tegu. Baada yake madaktari wakashangaa kuona watu wengi wanaletwa na majeraha makubwa ya moto. Sababu yake ni kwamba watu walikuwa wakishikwa na kifafa usiku, wakiangukia moto wanaootea kwa baridi ya milimani. Nasi majumbani mwetu tuna meko ya mkaa na sufuria za uji utokotao. Dawa za kifafa zinywewazo kila siku kwa amri ya daktari huwazuilia wagonjwa wengi kuanguka, kiwe kimetokana na tegu au na sababu nyingine.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kila atokaye msalani aoshe mikono yote miwili kwa sabuni na maji yapitayo, asugue baina ya vidole na chini ya kucha. Na kadhalika kabla ya kupika, na kabla ya kula. Kustanji kwa maji ni sunna njema, lakini mkono uliostanji wahitaji sabuni.

Pili, watoto wafundishwe jambo hili chuoni kwa vitendo, na kila chuo na kila msikiti uwe na sabuni penye mabomba, kama ulivyo na mikeka.

Tatu, mboga na matunda yaliwayo mabichi yaoshwe sana kwa maji safi, na maji ya visima yachemshwe. Shimo la choo lisichimbwe karibu na kisima.

Nne, mwenye kupikia watu, mkahawani, arusini au nyumbani, apimwe choo chake kila baada ya muda. Na aonaye vipande mfano wa tambi au mbegu za maboga katika haja yake asione haya, aende kwa daktari. Dawa ya tegu wa tumboni ni nyepesi, na mara nyingi dozi moja yatosha.

Tano, tuwasaidie jirani zetu wafugao nguruwe, ijapokuwa hatuli walacho, kwa kuwaunga mkono katika kujenga vyoo na kufungia wanyama wao mabandani. Katika Peru, upande wa Tumbes, watu na nguruwe wa vijiji 107 walitibiwa pamoja, na nguruwe wakachanjwa. Na khabari iliyotolewa mwaka 2016 ni kwamba maambukizo yalikatika katika vijiji karibu vyote. Yawezekana basi, watu wakishikana.

MASUALA

Suala: Je, wanyama wetu wa halali hawana tegu?

Jawabu: Ng'ombe anaye wake, naye humpata mtu alaye nyama ya ng'ombe isiyoiva. Tofauti ni kwamba mayai ya tegu wa ng'ombe hayafanyi vifuko katika ubongo wa mtu. Hata hivyo, nyama ya halali nayo ipikwe mpaka iive ndani, na inunuliwe penye muhuri wa mkaguzi.

Suala: Mwenye kifafa, je, anunue dawa ya minyoo dukani ameze?

Jawabu: La, asifanye hivyo. Vifuko vikifa kwa ghafula, ubongo huweza kufura na maradhi yakazidi. Ni juu ya daktari kupiga picha ya ubongo kwanza, kisha achague dawa na zile za kuzuia uvimbe, ama aone kwamba dawa ya minyoo haihitajiwi.

Suala: Tuna mtumishi aliyetoka bara, naye hula nguruwe kwao. Au tuna ndugu aliyesilimu karibuni. Je, tujitenge nao?

Jawabu: Haijuzu kumdhalilisha mtu kwa dhana. Tegu haandikwi usoni, wala hachagui kabila. Aweza kuwa kwa mtumishi, na aweza kuwa kwa mwenye nyumba aliyemeza bila ya kujua kipande cha soseji safarini. Na aliyesilimu, uislamu wake umefuta yaliyopita katika dhambi, lakini tegu haondoki kwa shahada. Huondoka kwa dawa. Basi na apelekwe kupimwa kwa upole na kwa siri, na gharama itoke kwa mwenye nyumba, na watu wote wa nyumba wapimwe pamoja naye ili asione kwamba amebaguliwa. Akitibiwa amepona, na kazi yake ibaki kuwa yake.

KHATIMA

Yaliyomo katika somo hili yakusanyika katika maneno machache. Kuacha nyama ya nguruwe kwatukinga na tegu wa tumboni, na twahara ndiyo itukingayo na vifuko vya ubongoni. Mwenye kushika la kwanza akaacha la pili, amefunga mlango mmoja akauacha wa pili wazi, na watoto wake wamelala ndani.

Twawaomba ndugu zetu walisome somo hili barazani na majumbani, khasa kwa mama zetu na dada zetu walio mekoni, na kwa walimu wa vyuo. Na mwenye mgonjwa wa kifafa aliyefichwa, na amtoe ampeleke hospitali juma hili, asingoje somo letu lijalo. Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale wajitwahirishao, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.